Mwami aliyekataa watoto wanaume: Shemwindo, ukubwa wake na kuanguka kwake

Katika kijitabu hiki wengine wameandika juu ya ndoa, juu ya tohara na juu ya bwami. Sisi tunataka kuongea juu ya mtu mbaya. Kila kabila iko na hadithi ya mtu mkubwa aliyeharibika, na namna watu wanavyoelezea kuanguka kwake inaonyesha wanafikiri nini juu ya utawala. Basi tutamchukua Shemwindo, mwami wa kijiji cha Tubondo, na tutamweka pembeni ya wabaya wengine wanaojulikana katika dunia, ili tuone ni nani kati yao anatufundisha kitu sisi watu wa Shabunda.

Tunafanya hivi kwa sababu moja. Watoto wetu waliokomalia Bukavu, wale ambao wazazi wao waliacha Shabunda kwa ajili ya vita, wanamjua Sauron vizuri. Wamemuona katika filme tatu za Peter Jackson, zile za mwaka wa 2001, 2002 na 2003. Wanajua lile jicho la moto na ile pete. Lakini ukiwauliza juu ya Shemwindo, wanakutazama tu. Na Shemwindo ametoka hapa karibu, katika msitu huu huu wetu.

Hadithi imetoka wapi

Tuseme ukweli kwanza: hadithi ya Mwindo si ya Balega. Ni ya Banyanga, jirani zetu wa Walikale, kule Kivu ya Kaskazini, ambako teritware yetu inapakana na yao. Sisi Balega tuko na hadithi zetu ndefu za kuimbwa, kama ile ya Mubila. Lakini jirani ni jirani. Banyanga wako na bami kama sisi, wanalima ndizi kama sisi, wanawinda nguruwe katika msitu ule ule. Mlega akisikia hadithi ya Mwindo haitaji mtu wa kumfasiria mambo mengi.

Maandishi tunayosoma leo yanatoka kwa mwimbaji mmoja, Shekarisi Rureke. Mwaka wa 1956 aliimba hadithi yote kwa muda wa siku kumi na mbili, akicheza, akitikisa kibuyu chenye mbegu, na wasaidizi wake wakigonga mti na kuitikia. Mbelgiji Daniel Biebuyck na Mnyanga Kahombo Mateene waliifanyia kazi pamoja, na kitabu kikatoka Marekani mwaka wa 1969, kikiwa na maneno ya Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza. Kwa hiyo kile tulicho nacho ni kivuli cha ile kazi yenyewe. Kitabu hakichezi, wala hakitoi jasho. Hata hivyo, afazali kuwa nacho.

Ukubwa wa Shemwindo

Shemwindo ni mwami wa Tubondo. Ameoa wanawake saba. Siku moja anakusanya watu wake na kuwatangazia sheria: wake zake wazae watoto wanawake tu. Akizaliwa mwanaume, atauawa.

Sheria ile ni ya kijinga? Hapana, iko na akili yake, na ndiyo sababu inatisha. Katika desturi zetu, binti akiolewa analeta mali ndani ya nyumba. Mtoto mwanaume anaomba mali ya kuoa, na kesho anaomba kiti cha baba. Mwami anayetaka mabinti tu ni mwami anayetaka kupokea bila kutoa, na kukaa bila kurithiwa. Hakusema: "Nitatawala milele." Alisema tu: "Musizae wanaume." Lakini maneno ni yale yale. Na tuangalie tena: katika ule mkutano kulikuwa na washauri na wakubwa wa kijiji. Walisikia. Hakuna aliyesimama.

Wake sita wakazaa mabinti. Wa saba, Nyamwindo, yule aliyependwa, akabeba mimba ndefu. Ndani ya tumbo mtoto akaanza kuongea, akachagua mwenyewe njia ya kutokea, akatoka kwa kidole cha kati cha mama yake. Alikuja akicheka na kuongea, mkononi akiwa na conga, yaani usinga wa mkia wa nyati, tena shoka, tena kafuko kenye kamba ndefu ndani yake. Huyo ndiye Mwindo.

Baba akachukua mikuki na kuirusha ndani ya nyumba. Haikumgusa. Akaamuru mtoto azikwe. Akatoka kaburini. Akaamuru afungiwe ndani ya ngoma na ngoma itupwe majini. Ngoma ikaelea, ikaenda mpaka kwa Iyangura, shangazi yake, dada ya Shemwindo, aliyeolewa na Mukiti, yule nyoka mkubwa wa maji.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Ule mkuki, lile kaburi, ile ngoma, si Shemwindo peke yake aliyefanya. Kaburi lilichimbwa na watu. Ngoma ilichongwa na watu. Waswahili wanasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wale watu wa Tubondo waliona uchungu, lakini waliendelea kuchimba. Rureke hakuwaficha. Mwami mbaya wa hadithi hii hana jeshi la mashetani. Iko na kijiji cha watu wa kawaida wanaomtii.

Sauron na Soumaoro

Sasa tumweke pembeni ya wengine wawili.

Sauron ametungwa na Mwingereza J. R. R. Tolkien. Kitabu chake kikubwa kilitoka kwa mafungu matatu, mwaka wa 1954 na 1955. Sauron hakuanza akiwa mbwa mwitu. Alikuwa roho ya juu, fundi mwenye kupenda utaratibu, kisha akawa mtumishi wa bwana mwingine mbaya kumpita, jina lake Morgoth. Morgoth aliposhindwa, Sauron akashika nafasi. Akatengeneza pete na kuweka ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake. Alishindwa mara ya kwanza, akapoteza pete, akarudi tena. Mwisho pete ikaanguka ndani ya moto wa mlima, na yeye akawa kama moshi unaopeperushwa na upepo. Basi. Hakuna aliyemuuliza neno.

Soumaoro Kanté ni wa upande wa Mali. Djibril Tamsir Niane aliandika hadithi ya Soundjata mwaka wa 1960, kama alivyoipokea kwa mgrio. Soumaoro ni mfalme, fundi wa chuma na mchawi. Siri yake inajulikana kupitia mwanamke, anapigwa mshale wenye ukucha wa jogoo, nguvu zinamtoka, anakimbia kutoka vita ya Krina na kupotelea ndani ya mlima wa Koulikoro. Naye pia, hakuna aliyemuuliza neno.

Wote watatu wanafanana kwa kitu kimoja: wanatoroka. Sauron anatoroka, Soumaoro anatoroka, Shemwindo anatoroka. Mwindo anarudi na wajomba zake waliomtengenezea nguo za chuma, anamuita Nkuba, bwana wa radi, na Tubondo inateketea kwa moto wa juu. Shemwindo anaona mambo yameisha. Anang'oa mmea unaoitwa kikoka, na pale penye mizizi anaingia chini ya ardhi, kwa mizimu.

Kwa Tolkien na kwa Niane, hadithi ya mbaya inaishia pale pale. Kwa Banyanga, sehemu nzito ndiyo inaanza.

Kumfuata mpaka chini

Mwindo alikuwa ameshinda. Alikuwa na kijiji. Angeweza kukaa na kusema: baba amekufa, mambo yameisha. Hakukubali. Alimpa shangazi ncha ya kamba, akamwambia: ukiona kamba haichezi tena, ujue nimekufa. Kisha akaingia shimoni.

Chini kule mkubwa mmoja anaitwa Muisa. Yeye amemficha Shemwindo, na hataki kumtoa. Anampa Mwindo kazi za kumchosha: apande ndizi na kuzivuna, halafu apande mti kutoa asali. Kahindo, binti ya Muisa, mwenye vidonda mwilini, ndiye anayemsaidia mgeni, kwa kuwa mgeni alimheshimu. Shemwindo anakimbia tena, anaenda kwa Ntumba, yule mnyama mchimba mashimo; anakimbia tena, anaenda kwa Sheburungu. Kwa Sheburungu Mwindo anacheza mchezo wa kamari unaoitwa wiki, anapoteza karibu vyote, kisha anashinda vyote, na baba anatolewa.

Kila msomaji wa Kivu anajua maana ya jambo hili. Mbaya anapoanguka, kuna mahali anapofichwa, na yule anayemficha huwa na faida yake. Mwimbaji hakusema "alikimbilia mbali" na kupita. Alitutembeza nyumba kwa nyumba, akataja jina la kila aliyempa chakula.

Baraza

Mwindo akarudi na baba yake Tubondo. Kitu cha kwanza alichofanya si kumhukumu mzee. Kwanza aliwafufua wafu. Kwa conga yake aliwapiga, na kila mmoja akaamka na kazi aliyokuwa nayo: aliyekufa anatwanga, aliamka anatwanga. Kisha ndipo wakaitwa watu wote, jirani na wakwe, wakaketi. Viti vitatu vya shaba, na Iyangura kati ya kaka na mtoto.

Shemwindo akaongea mwenyewe mbele ya wote. Alisema sheria aliyoweka, alisema mikuki, kaburi na ngoma. Alisema kwa aibu. Iyangura naye alimlaumu ndugu yake, na aliwalaumu washauri waliokuwa naye. Kisha ndipo Mwindo akasema hana kinyongo. Nchi ikagawanywa, baba akawa na upande wake, mtoto na upande wake.

Tunasikia wengi wakisema: hii ni hadithi ya msamaha, Waafrika sisi ni watu wa kusamehe. Tunakubali nusu tu. Ukiisoma pole pole, msamaha ni kitu cha tano katika mstari. Cha kwanza ni kumfuata mpaka kwa wanaomficha. Cha pili ni kurudisha uhai wa waliokufa. Cha tatu ni kukusanya watu. Cha nne ni mwenyewe kukiri kwa kinywa chake. Cha tano ndicho kusamehe na kugawana kiti. Ukiondoa vinne vya mbele, kinachobaki si hadithi ya Mwindo tena.

Na kitu cha kushangaza: Tolkien naye alikuwa na baraza, lakini halikufanyika. Katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1977, baada ya kifo chake, inaandikwa kwamba Morgoth aliposhindwa, Sauron alienda kwa mjumbe wa washindi na kukana mabaya yake. Mjumbe akamwambia: mimi siwezi kukusamehe, rudi pamoja nami uhukumiwe na wakubwa. Sauron akaona aibu, akajificha. Kutoka siku ile alirudi kwa ubaya, na mabaya yote yaliyofuata yakatoka pale. Kumbe tofauti ya Sauron na Shemwindo si moyo. Wote wawili walijua aibu. Tofauti ni kwamba Sauron aliachwa ajiendee mwenyewe, na Shemwindo alifuatwa.

Tulivyofanya sisi

Mwaka wa 2003, baada ya mapatano ya Sun City, nchi yetu ilipata serikali ya mpito, ile tuliyoiita moja jumlisha nne: rais mmoja na makamu wanne. Waliopigana waligawana viti. Tuliimba na kucheza, sababu tulikuwa tumechoka, na hakuna anayelaumu mtu aliyechoka. Lakini ukipima kwa kipimo cha Rureke, tulianza na kitu cha tano. Tume ya Ukweli na Mapatano iliundwa pia wakati ule, na ilimaliza muda wake bila kusikiliza kesi za wahanga. Mwaka wa 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya matukio 617 ya mauaji na mateso katika nchi yetu, kuanzia mwaka wa 1993 hadi 2003. Wale wafu hakuna aliyewagusa kwa conga. Hatuna conga, ni kweli. Lakini kuandika majina yao, kuwazika, kuwaita wajane wao kwenye baraza, hayo hayahitaji uchawi.

Mwindo naye

Wengi wanafunga kitabu pale penye baraza. Wanakosea, sababu nusu ya fundisho iko mbele.

Mwindo ni mtoto wa baba yake. Anajisifu kuanzia siku ya kuzaliwa. Aliteketeza kijiji kizima ili kumpata mtu mmoja. Akiisha kuwa mwami, anatamani nyama ya nguruwe. Wawindaji wake Wambuti wanakutana msituni na joka kubwa, Kirimu, linawameza. Mwindo anaenda analiua. Watu wanashangilia. Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba, yule yule wa radi aliyemsaidia kushinda. Nkuba anamchukua juu angani. Mwaka mzima Mwindo anakaa kule, anapigwa na mvua, anachomwa na jua, mwezi na nyota wanamwambia kiburi chake. Conga haisaidii kitu. Anarudi na mwiko wa kutoua wanyama, na anawapa watu wake sheria za kuishi vizuri.

Hakuna Nkuba kwa Tolkien anayembeba mshindi juu na kumpiga mvua. Kwa Banyanga, mshindi ndiye wa kuogopwa kesho. Sisi wa Shabunda tunalijua hili bila kitabu. Kutoka mwaka wa 2005, na kwa nguvu zaidi mwaka wa 2011, vijana wetu walisimama kwa jina la Raia Mutomboki ili kuwafukuza waliokuwa wakiua watu vijijini. Watu waliwapa chakula na baraka. Lakini vikundi vingine vya jina lile vilibaki na bunduki, vikaweka vizuizi barabarani, vikatoza kodi kwenye machimbo, na pale Ulindi, wakati wa mashine za dhahabu za mwaka wa 2014 na 2015, wengine walikula sehemu yao. Aliyemfukuza Shemwindo aliketi kwenye kiti cha Shemwindo.

Hapa bwami yetu iko na neno. Wakoloni waliipiga marufuku mwaka wa 1948, lakini haikufa. Katika bwami mtu hapandi kwa mkuki. Anapanda pole pole, daraja kwa daraja, mpaka kindi, kwa msaada wa ndugu zake na kwa tabia inayoonekana. Na kati ya sanamu za mafundisho kuna zile za watu wabaya pia, zinazoonyeshwa ili mwanafunzi aone ubaya kwa macho na kuuogopa. Kuna ile ya Sakimatwematwe, mtu wa vichwa vingi, anayetazama kila upande, kwa maana mkubwa anapaswa kuona mambo yote kabla ya kukata neno. Tumfikirie Sauron: jicho moja, linatafuta kitu kimoja. Wazee wetu walichonga jibu lake kwa pembe ya ndovu, na sehemu kubwa ya majibu hayo leo iko ndani ya vioo vya nyumba za makumbusho Ulaya na Marekani.

Kinachotukosesha raha katika hadithi

Hatutaki kusifu tu. Kuna mambo mawili yanatusumbua.

La kwanza ni Nyamwindo. Ndiye aliyebeba mimba, ndiye aliyependwa na kisha akageuzwa mke wa kuchukiwa, na kwenye baraza sauti yake haisikiki. Wale mabinti sita pia, waliotakiwa kwa ajili ya mali, hakuna aliyewauliza kitu. Tunajua Iyangura anaongea, na anaongea vizuri. Lakini Iyangura ni dada ya mwami. Mke hana kiti cha shaba. Katika nchi ambako wanawake wa Shabunda wamebeba sehemu mbaya zaidi ya vita, pengo hili si dogo, na mwimbaji wa leo angefanya vema kulijaza.

La pili ni ile conga. Kufufua wafu kunafanya kusamehe kuwe rahisi. Baba aliyerudishiwa mtoto wake mzima anaweza kukaa na adui na kunywa pombe ya ndizi. Sisi tutasamehe namna gani, na wetu hawaamki? Hadithi haitoi jibu. Inaonyesha tu kwamba waliotunga waliona haki haikamiliki wafu wakibaki chini. Huo ni ukweli mgumu, na hatupendi mtu aufunike kwa neno tamu la mapatano.

Neno kwa wazee na kwa vijana

Tunawaomba wazee wa Bakisi na wa Wakabango, wale wanaojua bado hadithi ndefu za Balega, waziimbe mbele ya vijana walio na mashine za kurekodi. Rureke aliimba siku kumi na mbili na sauti yake imebaki baada ya miaka karibu sabini. Na vijana tunawaambia: muangalie Sauron, si zambi, ni hadithi nzuri. Lakini siku mutakapoona mkubwa anaanguka, musishangilie moshi. Muulize amefichwa kwa nani, muulize waliokufa wameandikwa wapi, na mumtazame vizuri yule anayekuja kuketi.